Rimoti Inayogoma Asubuhi

Dada yangu alipostaafu, kila mtu alikuwa na mpango wake wa kumpa. Wengine walimshauri afuge kuku, wengine anunue mashine ya kusaga, na mimi nilimwambia ajenge vyumba vya kupangisha, kwa sababu mimi ni bingwa wa ushauri mzuri usiofuatwa. Alitusikiliza wote kwa adabu, akashukuru, kisha akaenda akanunua gari la spoti. Halikuwa jipya. Lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia yeye, lakini lilikuwa zuri mpaka unakasirika: milango miwili, viti viwili, tumbo linalokaribia kulamba lami, rangi ya njano ya kukata macho, na mngurumo ambao ukiusikia unasogea pembeni kabla hujajua kwa nini. Mtaani walilibatiza Nyigu, na jina likaganda.

Mimi wananiita Breki. Nilikuwa mwalimu mkuu, na naendesha gari la milango minne kwa mwendo ambao wapwa zangu wanasema konokono akiwa nyuma yangu atapiga honi. Sijali. Barabara hazikujengwa ili tuzimalize siku moja. Lakini mtu mpe haki yake: mwanamke yule anajua kuendesha. Anaingia kwenye kona bila papara, anatoka bila kelele, na umri wake ni sabini na ushee. Mara ya kwanza aliponipakia nilishika mkanda kwa mikono yote miwili, na tulipofika nilitamani tuzunguke tena.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye rimoti, kile kidude cha kwenye ufunguo ambacho ukikibonyeza milango inafunguka. Magari ya zamani ya aina ile yana alamu yenye roho mbaya. Ukifungua mlango kwa ufunguo wa chuma bila kubonyeza rimoti kwanza, gari linaamini wewe ni mwizi. Linapiga makelele mpaka mtaa mzima unaamka, na injini inakataa kuwaka. Sasa rimoti ya Nyigu ikaanza tabia. Jioni dada akirudi, anabonyeza, milango inajifunga vizuri. Asubuhi akitaka kutoka, anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Anazunguka gari akibonyeza huku na huku, na akikata tamaa akatumia ufunguo wa chuma, ndiyo hivyo tena, majirani wanachungulia madirishani na miswaki midomoni.

Anaishi peke yake tangu shemeji yangu afariki. Watoto wake ni wawili. Mkubwa ni mhasibu, mrefu wa kuinama milangoni, mtu wa kupanga mambo ya kila mtu. Mdogo ni binti, mfamasia, mpole, na kwa kawaida kaka yake akishaamua naye ameamua. Wanampenda mama yao, hilo sibishi. Rimoti ilipozidi kusumbua, Mhasibu alilipeleka gari na ufunguo wake kwa fundi umeme wa magari anayejulikana kama Fundi Fyuzi. Kutwa nzima pale gereji rimoti ilifanya kazi bila kukosea hata mara moja. Fundi alibadilisha betri, nadhani kwa kuona haya kumrudisha mteja mikono mitupu, akasema rimoti nzima, gari zima, labda mama anabonyeza vibaya.

Mhasibu hakuridhika, akaenda kulala kwa mama yake ajionee. Asubuhi ya kwanza aliwahi kuamka, akaingia kwenye banda la gari, akalivuta turubai linalomfunika Nyigu, akalitupa chini, akabonyeza mara moja. Milango ikafunguka. Asubuhi ya pili alimwachia mama yake, na alamu ndiyo iliyomwamsha. Alitoka mbio na bukta ya kulalia, akaichukua rimoti mkononi mwa mama, akaibandika kwenye kioo cha nyuma cha gari, akabonyeza kwa nguvu mpaka makelele yakazima. Kwa Mhasibu hesabu ikawa imefungwa: mkononi mwake rimoti inakubali, mkononi mwa mama inakataa.

Hakuna aliyelitamka neno kusahau. Walisema mama amechoka. Walisema kichwa cha mtu mzima kinachelewa kuamka asubuhi. Mwishowe Mhasibu akapata mnunuzi, mtu wa kuja Jumapili kulitazama gari, na mimi nikapigiwa simu nije Jumamosi alasiri nimweleze dada kwa upole. Mfamasia ndiye aliyezungumza. Aliniambia, "Mjomba, wewe atakusikiliza," na hapo nikajua kwamba maisha yake yote hajawahi kunitazama vizuri nikizungumza na mama yake.

Sikungoja Jumamosi. Nilienda Alhamisi jioni na begi la kulala. Nilimkuta jikoni, ameifungua rimoti, na vipande vyake vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Wamekutuma," alisema.

"Wamenituma Jumamosi. Leo nimejituma mwenyewe."

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema. "Anakwambia umechoka."

Alinimiminia chai, kisha akaanza kumzungumzia mama yetu. Miaka yake ya mwisho mama alikuwa akimwita dada kwa jina la shangazi yetu, na alikuwa akiutafuta mlango wa nyumba tuliyohama sisi tukiwa wadogo. Wakati ule dada ndiye aliyemlea, mimi nilikuwa mbali na kazi zangu. Ilianza na vitu vidogo, alinikumbusha. Ilianza na mama kusimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi, hajui aufanyeje.

"Sasa mimi naogopa," alisema. "Siogopi kunyang'anywa gari. Naogopa kwamba wanasema kweli, na mimi ndiye nisiyeona."

Nilikuwa sijawahi kumsikia dada yangu akisema anaogopa. Nikafungua mdomo nimfariji kwa upuuzi wowote utakaokuja, akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa ameshaamua. Atalitafuta kosa mpaka ajue liko wapi. Likiwa kwenye gari, mnunuzi arudi alikotoka. Likiwa kwake yeye, atazitoa funguo mwenyewe mbele ya watoto, na hakutakuwa na haja ya mtu kumbembeleza. Aliniomba kitu kimoja tu: nisimhurumie wakati wa kupima.

Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye maabara ya hospitali, akichungulia damu za watu kwenye hadubini. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua kazi ya ndugu yake, yaani sikuwa najua lolote. Siku zile ndipo nilipomwona kazini. Kanuni yake ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, halafu tazama. Nilipojaribu kumsaidia kwa kufuta vyuma vya betri wakati yeye anaitoa betri yenyewe, nilifokewa mbele ya chai yangu mwenyewe. Aliniuliza, sasa ikipona tutajuaje kilichoiponya?

Alianza na betri, akaipima umeme, akaikuta na nguvu zake zote. Akasugua vile vyuma vinavyoishika kwa pamba na spiriti. Akatazama lehemu za ndani kwa kioo cha kukuza, moja baada ya nyingine, asione ufa. Akafikiri labda ni baridi ya asubuhi inayofungua ufa usioonekana, basi akaitia rimoti kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka kwenye friji kando ya maziwa, tukaendelea na chai. Ilipotoka ilikuwa ya baridi kiasi cha kuuma vidole. Tukaenda nayo bandani, Nyigu yuko amefunikwa turubai lake, akabonyeza. Loki zikaruka paa, kwa heshima zote. Si baridi, alisema, akafurahi kana kwamba amepata jibu, wakati mimi niliona tumekosa. Kwake kila kitu kilichoondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa kilikuwa ushindi.

Ijumaa asubuhi alinisimamisha pembeni ya banda, akanikataza kugusa kitu, akafanya yote anayoyafanya kila siku. Akafungua mlango wa banda. Akamvua Nyigu turubai, akalikunja pembe kwa pembe kama mashuka ya wodini, akalipandisha kwenye rafu. Akaja mbele ya gari, akabonyeza rimoti. Kimya. Akachukua rimoti ya akiba, ile ya zamani yenye mpira uliochakaa, akabonyeza. Kimya. Kisha akanikabidhi zote mbili.

Nilibonyeza ya kwanza. Kimya. Nilibonyeza ya pili, nikaikamua, nikaisogeza juu, nikaisogeza chini. Kimya vilevile. Dada alinitazama, na taratibu uso wake ukafunguka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na wewe umechoka?" aliniuliza.

Nilimwambia asifurahi mapema, maana watoto watasema tumezeeka wote wawili, na kwa upande wangu watakuwa na ushahidi mwingi. Lakini nilikuwa nimefurahi kama yeye. Alinieleza maana yake pale pale, akihesabu kwa vidole. Rimoti mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja, kwa hiyo si rimoti. Gari linasikia vizuri gereji, na jana jioni limesikia hapa hapa, kwa hiyo si gari. Watu wawili wamebonyeza na wote wamekataliwa, kwa hiyo si kidole chake. Kilichobaki ni kitu kilichomo bandani asubuhi na kisichokuwemo jioni. Akampigia simu Fundi Fyuzi, akamwambia aje kesho na kipimio chake cha rimoti, na kwamba safari hii mgonjwa hatapelekwa hospitali, hospitali ndiyo itakayokuja.

Fundi Fyuzi ni mtu ambaye ukimuuliza saa anakueleza kwanza jinsi alivyojifunza kuisoma. Alifika Jumamosi asubuhi na mkoba wake, akaanza kutufundisha uani kabla hajaona gari. Rimoti, alisema, ni kituo kidogo cha redio, na gari ni msikilizaji. Kituo kinasema fungua, msikilizaji anafungua. Lakini kukiwa na kituo kingine kinapayuka kwenye mawimbi yale yale, msikilizaji hasikii kitu, na ndiyo maana rimoti ikigusishwa kabisa na kioo karibu na antena inaweza kupenya. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza swali moja tu, kwa nini hakuyasema hayo siku ile gereji. Fundi akakohoa, akasema gereji hapakuwa na kelele, na kuhusu lile neno la kubonyeza vibaya aliomba radhi.

Tukaingia bandani. Dada akarudia kila kitu kama jana: mlango, turubai, kukunja, rafu. Fundi akatoa kipimio chake, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye taa nyekundu inayowaka rimoti ikibonyezwa karibu nacho. Kabla hata hatujabonyeza, taa ilikuwa inawaka.

Fundi aliitazama mikono yetu. "Nani anabonyeza?"

Hakuna aliyekuwa anabonyeza. Rimoti zote mbili zilikuwa juu ya boneti. Fundi alifurahi sana, karibu acheze. Akasema basi ni geti la umeme la jirani wa nyuma, yeye mageti anayajua, vitufe vyake hukwama vikapiga kelele kutwa, na akaondoka mbio kwenda kuligongea geti la watu, akatuachia kipimio.

Dada hakumfuata. Alikiweka kipimio juu ya paa la gari, akasimama akiitazama ile taa. Akaniambia nisiongee. Nilijua anachofanya, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatembea: alikuwa anapita tena asubuhi yake yote, hatua kwa hatua, na kando yake anaweka asubuhi ya mwanawe. Yeye kafungua mlango, mwanawe kafungua mlango. Yeye kavua turubai, mwanawe kavua turubai. Yeye kakunja.

Akaenda kwenye rafu, akalinyanyua turubai kwa mikono miwili. Taa ikazima. Akalirudisha. Ikawaka. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akigeuka kila mara kuitazama, mpaka nikaona hatafuti uhakika tena, anajipa muda. Kisha akalishusha turubai chini, akapitisha mkono juu ya rafu pale lilipokuwa, akavuta mfuko wa kitambaa.

Vilivyokuwemo ndani nilivitambua kwa kusimuliwa. Miezi kadhaa nyuma watoto walimletea kengele ya dharura. Ni kitufe cha kuvaa shingoni na kengele ya kuchomekwa ukutani kwa jirani, ili siku akianguka abonyeze na jirani asikie. Mfamasia aliwahi kuniambia mama ameipokea vizuri, na kila wakimuuliza anawajibu, "Ipo mahali pazuri." Kumbe mahali pazuri ni kwenye rafu ya banda. Kila asubuhi turubai zito lilikikalia kitufe, kitufe kikaanza kuita msaada bila kukoma, kengele yenyewe imelala humo mfukoni bila umeme, na Nyigu hasikii kingine chochote. Jioni dada hulichukua turubai kwanza ndipo akafunga milango, kwa hiyo rimoti inakubali. Na mwanawe, mtoto wa kisasa, yeye turubai hulitupa chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilisema. Hakucheka.

Nilielewa kwa nini. Yule aliyekuwa anatafutwa siku zote hizi alikuwa ni yeye. Si kichwa chake, si kidole chake, lakini ni mkono wake ulioiweka pale, na alikuwa ameapa mbele yangu. Basi nikafanya kazi ya mdogo mtu. Nikamwambia watoto hawajui ulipo mfuko, Fundi yuko kwa jirani anagombana na geti lisilo na hatia, tukitoa betri za kitufe mambo yamekwisha. Tutasema ni geti. Fundi mwenyewe ataapa ni geti, na atalieleza mpaka jioni. Mimi nikifumba mdomo nimefumba.

Alinitazama kwa muda. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Kule maabara tulikuwa tunajipima wenyewe kwa wenyewe," alisema. "Siku moja nilichukua damu yangu, nikaiweka kwenye kioo, jibu likawa baya. Nilikuwa peke yangu chumbani, kalamu mkononi, na mwanangu wa pili yuko tumboni. Niliandika lile lile nililoliona. Sasa leo nije nibadilishe jibu kwa ajili ya gari?"

Nimekaa mbele ya walimu na wanafunzi miaka mingi nikihubiri ukweli, na sidhani kama niliwahi kuukaribia kiasi kile. Nilimpenda sana dada yangu pale bandani, na nilimwonea fahari, na nilimkasirikia, yote kwa pamoja.

Fundi aliporudi alielezwa kila kitu bila kupunguzwa. Alikaa juu ya ndoo. Alisema katika maisha yake ya ufundi ameona watu wakilaumu betri, wakilaumu gari, wakimlaumu yeye, lakini mteja kuliwinda kosa mpaka akajikamata mwenyewe hajawahi kumwona. Aliondoka bila kueleza kitu kingine chochote, na hilo kwake ni sawa na kupiga saluti.

Alasiri watoto walifika, kila mmoja kwa gari lake. Tulikaa sebuleni. Mhasibu alikuwa amejiandaa, ilionekana kwa jinsi alivyokaa wima. Alinipa ishara kwa macho kwamba nianze. Nikamwambia mama yao anayo ya kusema kwanza.

Dada aliweka mezani mfuko wa kitambaa na funguo za Nyigu. Akawaeleza kwa sauti ile ile ya kusoma majibu: kilichopimwa, kilichoondolewa, kilichobaki, na kilichopatikana chini ya turubai. Hakujipamba na hakujipaka matope. Alipomaliza akazisukuma funguo mpaka upande wa mwanawe.

"Nilisema kosa likiwa langu nitazitoa," alisema. "Ni langu. Niliificha kengele yenu, na pale nilipoificha nikaiwekea mzigo juu."

Mhasibu hakuzigusa funguo. Alifungua mfuko kwanza, akakitoa kitufe. Uzi wake wa kuvaa shingoni ulikuwa bado umekunjwa na kikaratasi cha dukani. Alikigeuza geuza kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unakumbuka umeiweka pale?" aliuliza.

"Siku zote. Mtu anasahau vipi kitu alichokificha mwenyewe?"

Nilimwona mpwa wangu akipokea jibu lile. Ndilo swali alilolizunguka muda wote bila kuthubutu kuliuliza, na sasa limejibiwa kabla hajamaliza kuliogopa. Lakini Mfamasia yeye alikuwa mahali pengine. Alikuwa amevimba macho.

"Mama, kwa nini hukutuambia tu kwamba huitaki?"

Dada alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Mlikuja wote wawili," alisema. "Tangu tumzike baba yenu, ile ndiyo siku pekee mliyokuja wote wawili pamoja. Mkakaa, mkala, mkabishana jinsi ya kuichomeka, mkacheka. Ningesema siitaki, mngeondoka nayo, na siku yenyewe ingeondoka nayo. Nikaona kengele nitaificha, siku nitabaki nayo."

Mimi nilitazama mazulia. Mhasibu alikiweka kitufe mezani polepole sana, akazichukua funguo, akasimama na kutoka nje. Tulisikia mlango wa banda. Tulisikia loki za Nyigu zikiruka, mlango wa gari ukifunguliwa, ukifungwa. Dada alibaki amekaa na mikono mapajani. Alikuwa ametimiza alichosema, na uso wake ulikuwa umenyooka, lakini nilimwona anasikiliza kwa mwili mzima, akingoja mngurumo wa gari lake likiondoka.

Mngurumo haukuja. Tulingoja mpaka Mfamasia akaenda dirishani, akavuta pazia, akatutazama huku analia na kucheka. Tukatoka wote.

Mhasibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria. Magoti yake yalikuwa yamegota kwenye dashibodi na kichwa kimeinama kwa sababu ya paa, na funguo alikuwa ameziweka juu ya kiti cha dereva.

"Mnunuzi nitampigia tukirudi," alisema, bila kumtazama mama yake usoni. "Mama, nizungushe kidogo. Sijawahi kulipanda."

Ni kweli, hakuwahi, tangu siku liliponunuliwa. Mfamasia akasema yeye ni zamu ya pili, na asiambiwe kesho. Dada alizunguka upande wake, akaziokota funguo, akaketi, akafunga mkanda, kisha akainama na kuuvuta mkanda wa mwanawe kuona kama ameufunga vizuri.